Idara ya Masikio Ilivyowafungia Ng'ombe wa Mazingara

Marahaba, wanangu. Marahaba na nyie wawili mliosimama nyuma mkaona haya kusalimia, siku ile mlipokuja kwangu na madaftari yenu ya hadithi za picha. Nimeyasoma yote manane, kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na mjukuu wangu akinicheka.

Michoro yenu inapendeza. Mikono mmeiweza, na mkono ndio unaomtoa jasho mchoraji. Lakini kila mmoja wenu kanichorea mtu mwenye nguvu za ajabu, na nyuma yake kaweka shirika la siri la kijasusi lenye jina la herufi nne, linalompigia simu na kumwambia nenda. Naye anakwenda. Nikafungua daftari la pili, anakwenda. La tatu, huyo! Nikawauliza, kwa nini anakwenda? Yule mrefu wenu akanijibu, "Bibi, si ametumwa?"

Ningekuwa na fimbo karibu ningemchapa. Si kwa ubaya. Jibu hilo nililitoa mimi nikiwa kijana kuliko mama zenu, na nusura liue ng'ombe wa watu.

Nilifanya kazi hapa Korogwe, ofisi ya elimu ya watu wazima, tangu miaka ile baada ya uhuru hadi watu walipokwisha kuhamia vijiji vya ujamaa. Kila kijiji kilikuwa na darasa la alasiri, akina mama na wazee wakishika chaki kwa mara ya kwanza. Mtu akishajua kusoma anataka kitu cha kusoma, asipokipata anasahau. Basi ofisi ikatoa gazeti la kurasa nane kila mwezi, likapanda basi hadi Handeni, na kutoka hapo likaenda kwa baiskeli na malori hadi Sindeni, Mazingara na kwingineko. Kurasa sita zilikuwa za mbolea, vyoo na uji wa watoto. Mbili za mwisho zilikuwa zangu, na niwaambie bila aibu, watu walianza kulisoma kwa nyuma.

Nyie mnachora kwenye simu, mkikosea mnafuta. Sisi tulikata stensili. Ni karatasi laini yenye nta, unaiweka juu ya kioo, taa ikiwaka chini yake, unachora kwa kalamu ya chuma. Ukikandamiza kidogo, mstari hautoki. Ukikandamiza sana, karatasi inatoboka na jicho la mtu linadondoka mezani. Aliyenifundisha ni Mzee Semkuya, Mzigua wa Sindeni, mwendesha mashine ya kudurufu, mwenye wino hadi kwenye kiwiko. Mwezi wa kwanza alinikataza kuchora watu. Nilichora mabua ya mahindi tu. "Ukiweza jani," alisema, "pua itakuja yenyewe." Ilikuja, ingawa mwanzoni pua zangu zote zilifanana na majani ya mahindi.

Hadithi yangu ilimhusu Tufani, mtu aliyeruka angani kutoka Korogwe hadi Handeni kabla abiria wa basi hawajamaliza kugombea viti. Nilimtoa wapi? Nilikulia Magoma, baba yangu akiwa mpishi wa meneja wa shamba la mkonge. Watoto wa meneja walipoondoka waliacha vitabu vya picha vya wanaume wenye majoho, wanaoruka juu ya maghorofa. Lugha yake sikuijua, nikasoma picha tu. Ndiyo maana sikuwahi kujua kwa nini wale wanaume waliruka. Niliona tu kwamba waliruka vizuri.

Mkuu wa ofisi alipoona joho la Tufani alilikataa papo hapo. Mjamaa gani anatembea na shuka mgongoni? Akaagiza avalishwe suti ya mikono mifupi, na kalamu mbili mfukoni. Basi shujaa wangu akawa anapaa mawinguni kama katibu wa tawi aliyechelewa mkutano. Nililia chooni, kisha nikachora.

Shida ilikuwa moja. Tufani alikuwa na nguvu zote, na kwa hiyo hakuhitaji kitu chochote. Kila mwezi nilikaa mbele ya kioo nikijiuliza nitamtoaje nyumbani. Nilipochoka nikabuni Idara ya Masikio. Ilikuwa idara ya siri, ofisi yake ipo chini ya ardhi, maofisa wake wanavaa miwani nyeusi na kuandika kila wanachosikia kwenye daftari dogo. Idara inasikia jambo, inamwita Tufani, Tufani anakwenda. Lo, nilijiona nimemaliza kazi! Nani aliiunda Idara hiyo? Sikusema. Inataka nini? Sikujua, wala sikujisumbua kujua. Nawaambieni siri ya idara za siri, wanangu: nyingi huzaliwa na mwandishi aliyechoka.

Mzee Semkuya alinichukua hadi kwao Sindeni nikawasikilize wasomaji wangu. Nilikwenda nikitegemea vigelegele. Mama mmoja wa makamo, mtoto mgongoni, akasimama na gazeti lake.

"Huyu Tufani, kwao wapi?"

"Hana kwao," nikasema. "Yupo tu."

"Analima nini?"

"Halimi, mama."

"Haya. Hawa anaowapiga, wamemfanya nini?"

"Hawajamfanya kitu. Ni watu wabaya."

"Sasa yeye anawapigia nini?"

"Ametumwa."

Darasa zima lilicheka, na yule mama akakaa chini akitikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa mbuzi kipofu. Nilinuna njia nzima ya kurudi. Mzee Semkuya aliniacha ninune, kisha akaniambia, "Mwanangu weye, mtu aliyetumwa hana hadithi, ana safari tu. Hadithi inaanza pale anapotaka kitu mwenyewe." Nikaitikia ndiyo baba, kwa adabu, na moyoni nikasema huyu mzee ajishughulishe na wino wake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami guu langu lilikuwa njiani linakuja.

Lilikuja kupitia ile miwani nyeusi. Kwenye stensili huwezi kujaza weusi. Sehemu kubwa nyeusi hukatika, wino ukapita wote. Unatakiwa kuchora mistari myembamba iliyopishana, macho ya msomaji yatajaza yenyewe. Mwezi ule nilikuwa na haraka, nikajaza. Mashine ilipozunguka, miwani ya maofisa wote ikadondoka, na nakala zikatoka na watu wenye giza kutoka kipaji cha uso hadi puani. Mzee Semkuya alitaka tuanze upya, lakini basi la Handeni lilikuwa linapiga honi, nami nikasema inatosha, hata inatisha vizuri.

Wiki chache baadaye aliingia ofisini kijana mrefu, vumbi hadi kwenye nyusi, gazeti letu mkononi, miwani nyeusi usoni.

"Wewe ndiye Dada Hadija?"

"Ndiye mimi. Karibu."

Akalitandaza gazeti mezani kwangu. "Dada, umenimaliza."

Huyo alikuwa Eliezeri, bwana mifugo mgeni wa Mazingara, mzaliwa wa milimani Usambara. Alikuwa na ugonjwa wa vikope, jua la tambarare likimchoma macho, na daktari alimwamuru asivue miwani ile mchana. Daftari dogo alikuwa nalo kwa kazi, la kuandika ng'ombe waliochanjwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini kamba ya Eliezeri niliisokota mimi. Wafugaji wa Mazingara walikuwa wamesomewa hadithi yangu, wakamwona anashuka kwenye baiskeli na miwani yake na daftari lake, wakasema huyu hapa, Idara imefika.

"Wanasema Idara ya Masikio inataka nini?" nikamuuliza. Nilitaka kujua kweli, maana mimi sikuwa na jibu.

"Wanasema inahesabu ng'ombe ili wachukuliwe."

Mnaona, wanangu? Mimi niliacha shimo, wao wakalijaza kwa hofu yao. Miaka ile kila mfugaji alikuwa amesikia kwamba siku moja ng'ombe watahesabiwa na kugawanywa. Hofu hiyo ilikuwa inazunguka ikimtafuta mwenyewe, nami nikaichorea uso.

Kila Eliezeri alipoonekana, mazizi yalifungwa. Watu hawakumtukana, walimpa maziwa, wakamwambia ng'ombe hawapo, huku ng'ombe wanalia nyuma ya miiba. Masika yalikuwa yanakaribia, na masika ndiyo huleta chambavu, ugonjwa unaovimbisha paja la ndama asubuhi na kumlaza chini jioni. Dawa ya chanjo ilikuwa kwenye friji ya mafuta ya taa ya zahanati, na isingedumu. Mwaka uliotangulia chambavu kiliwaua ndama wengi sana pale.

"Nikishindwa nitahamishwa," Eliezeri alisema, "hilo si neno. Lakini wale ndama watakufa, dada. Watakufa na dawa ipo."

Niliona haya hadi masikio yakapata moto. Nikafanya anachofanya kila mwenye haya na mwenye mashine: nikatoa tangazo. Ukurasa mzima, herufi kubwa: IDARA YA MASIKIO HAIPO. Nikajisifu. Jibu lilirudi na basi la wiki iliyofuata, maneno ya wazee wa Mazingara yaliyoandikwa na mwalimu wao: kama haipo, mnaikana ya nini? Lisemwalo lipo, kama halipo, laja. Hata wale wachache waliokuwa wameanza kuachia ng'ombe wao wakawafungia.

Mzee Semkuya alifuta mikono yake kwa kitambaa, akavaa kofia. "Twende," akasema. "Ulichokiharibu kwa mkono hukitengenezi kwa barua."

Tulifika Mazingara juu ya lori la mahindi, Eliezeri akitangulia na baiskeli yake, sanduku la barafu limefungwa nyuma. Tukapelekwa kwa Mzee Kaika, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, ambaye wenzake walimtazama kwanza kabla ya kufanya lolote. Kweli zizi lilikuwa limefungwa kwa matawi ya miiba mchana kweupe, na ng'ombe wanalalamika ndani kwa njaa.

"Takwenya," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," nikaitika, kama Eliezeri alivyonifundisha njiani.

Pembeni yake alikaa mkwewe, Nasieku, mwenye gazeti letu lililokunjwa vizuri. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa boma zima, wa kwanza wao kumaliza darasa. Alinitazama kwa furaha nikajisikia vibaya zaidi.

Nikaeleza. Nikasema Idara niliitunga mimi, kwa kichwa changu, hakuna ofisi chini ya ardhi, hakuna masikio. Mzee Kaika alisikiliza hadi mwisho.

"Binti," akasema, "hiyo Idara yako inataka nini?"

"Haitaki kitu, mzee. Ni ya kutunga."

"Ukichonga kigoda unajua ni cha kukalia. Ukitengeneza kibuyu, ni cha maziwa. Wewe umetengeneza watu wa kusikiliza watu, na hujui ni wa nini?"

Mzee Kaika akanyoosha mkono kuelekea zizi lake.

"Simba sina ugomvi naye. Namjua anachotaka, nami najua nitalala wapi. Huyu wako simjui anachotaka. Kwa hiyo nafunga."

Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimekaa semina za wataalamu na chai yake na maandazi yake, na hakuna aliyewahi kunifundisha utunzi vizuri kuliko yule mzee siku ile. Mzee Semkuya alikuwa anatazama vidole vyake vya wino, na nilijua anajizuia kucheka.

Nikamgeukia Nasieku. "Wewe umesoma zote. Ungekuwa wewe, Idara ingetaka nini?"

Akaficha mdomo kwa mkono, kisha akasema polepole. "Mkubwa wao alipokuwa mtoto alipoteza mtamba wa baba yake, mwenye kengele shingoni. Akapigwa. Akaogopa kurudi nyumbani. Sasa ni mtu mzima, ana ofisi, ana watu, na anawatuma kila mahali wasikilize. Anatafuta ile kengele."

Kwanza walicheka wanawake, kisha wazee, mmoja akipiga goti lake kwa kiganja. Kila aliyekuwa pale aliwahi kupoteza mnyama utotoni na kuogopa kurudi nyumbani. Niliitoa kalamu nikamchora mkubwa wa Idara palepale, mzee mnene ameinamisha sikio ukutani, na machozi. Karatasi ikazunguka mikononi.

"Huyo sasa ni mtu," Mzee Kaika alisema. "Wa kwenye karatasi nimemjua." Kisha akanyoosha fimbo kumwelekea Eliezeri. "Na huyu?"

Eliezeri akasimama wima. "Mimi, mzee, nimetumwa na wilaya kuchanja mifugo."

"Umesikia?" Mzee Kaika aliwaambia wenzake. "Ametumwa."

Yalikuwa maneno ya Tufani wangu, neno kwa neno, na niliona nyuso zinafunga moja baada ya nyingine. Mzee Semkuya ndiye aliyesema, bila kuinua sauti, "Mwanangu, hawakuulizi nani amekutuma."

Eliezeri akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, kope zimevimba, yanatiririka machozi kwa jua, na watoto wakasogea nyuma. Akasema bila kumtazama mtu.

"Mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja. Mimi ndiye mchungaji wake. Asubuhi moja akachechemea, nikadhani amejikwaa. Nikamshika paja, limevimba, na nikilibonyeza linalia ndani, kama makaratasi makavu. Jioni akafa. Mama hakunigombeza. Aliosha kibuyu cha maziwa, akakitundika ukutani, hakukishusha tena. Mimi hesabu ya ng'ombe wako siitaki, mzee. Sitaki kushika paja lingine likalia vile."

Hakuna aliyecheka. Mzee Kaika alimsogelea hadi karibu.

"Unaujua mlio wa lile paja?"

"Naujua."

"Haufundishwi kwenye karatasi."

"Haufundishwi."

Mzee akageuka, akasema neno moja kwa Kimaasai. Vijana wakaanza kuburuta miiba. Ng'ombe wa kwanza alipotoka, Mzee Kaika alimshika pembe yeye mwenyewe, kwa mikono yake ya uzee, akamwambia Eliezeri avae miwani yake kwanza asije akamchoma mtu sindano. Walichanja hadi barafu yote ikawa maji. Nasieku aliandika kwenye lile daftari dogo, kwa mwandiko mzuri kuliko wa Eliezeri, na kwa vile aliyeandika ni wa kwao, hakuna aliyeliogopa tena daftari.

Siku iliyofuata maboma mengine nayo yakafungua.

Basi niliporudi nilimbadilisha Tufani. Nilimpa mama mgonjwa, nikampa woga wa kuruka juu ya maji, nikampa na shamba la muhogo ambalo nguruwe mwitu walilimaliza kila alipokuwa safarini kuokoa watu. Ndipo akawa na la kuchagua. Idara iliendelea, tena ikapendwa. Watu wa Handeni walikuwa wakiulizana kwenye vituo vya basi kama kengele imeonekana. Yule mama wa Sindeni akaniletea ujumbe kwamba sasa anamwelewa, ila amwoe mtu.

Kwa hiyo, wanangu, chukueni madaftari yenu. Siwakatazi mashirika ya siri, hata miwani nyeusi choreni, ila kwa mistari iliyopishana. Lakini kabla ya kumpigia shujaa simu, kaa naye umuulize amekosa nini. Muulize na adui yake. Muulize hata karani wa hilo shirika anayebeba faili, maana naye ana kwao. Wakikujibu "nimetumwa," funga daftari ukachote maji, urudi kesho uwaulize tena. Msipowapa sababu, msomaji atawapa ya kwake, na hujui amelala na hofu gani.

Masika yalinyesha sana mwaka ule. Chambavu kilipita, tukasikia habari zake kutoka kila upande, watu wa vijiji vya mbali wakifukia ndama. Kutoka Mazingara hakukuja neno, barabara ilikuwa imekatika. Nilikuwa nakata stensili huku nachungulia barabarani, Mzee Semkuya akinikemea kwamba nitaitoboa.

Maji yalipopungua, Eliezeri aliingia ofisini, tope hadi magotini, baiskeli ameiacha imelala mlangoni. Sikungoja salamu. Nilisema tu, "Mazingara?"

"Wapo," akasema. "Dada Hadija, wapo wote."

Akakaa kwenye benchi, akavua miwani, akaanza kulia, na safari hii haikuwa vikope. Mzee Semkuya alisimamisha mashine. Mimi niliinama juu ya kioo changu nikajifanya nachora, na machozi yakadondoka juu ya stensili nzima, nikaiharibu, na yule mzee hakunigombeza.